Mwanya wa Bi Zamoyoni

“Mwanya si pengo,” alisema Bi Tunu, na vijana waliokuwa wakipanga viti vya harusi wakasimama na viti mikononi. Walikuwa wameona uwazi mkubwa umebaki mbele ya jukwaa, wakaanza kuujaza viti ili wageni wasikose pa kukaa. Bi Tunu, mpishi wa shughuli, alikuwa kibarazani akichambua mchele wa pilau. Hakuwagombeza. Alisema maneno hayo tu, akaendelea kutafuta mawe kwenye ungo.

“Bibi, hiyo umeitunga sasa hivi!” kijana mmoja alimtania.

“Nitunge mimi? Ina wenyewe, na harusi yao nilipika mimi. Hebu wekeni hivyo viti chini mvikalie, ndiyo kazi yake. Methali hii ilianza hivi.”

Hapa hapa Tanga palikuwa na fundi wa meno aliyeitwa Mhina. Daktari alitibu chumba cha mbele, Mhina akakaa chumba cha nyuma akiwatengenezea meno waliopungukiwa. Mikono yake ilikuwa myepesi, na moyo wake mwepesi zaidi. Akijifunza jambo jipya hashikiki, humweleza kila mtu mpaka muuza kahawa. Na siku hizo alikuwa amejifunza jambo jipya kwelikweli.

Zamani alichonga meno ya nta kwa kisu, moja baada ya jingine, yakatoka laini mno hata mtoto akajua si meno ya mtu. Sasa alikuwa akitumia kalibu. Huchukua chapa ya meno halisi kwa mpira laini, na mpira ukikaza unashika kila mfereji na kila kijikwaruzo. Humo ndani anamimina nta mara mbili: kwanza ile ya rangi ya maziwa, inayoangaza kidogo, itulie kwenye ncha za meno, kisha ile ya manjano hafifu nyuma yake, maana jino la mtu halina rangi moja. Nta ikipoa anafungua kalibu taratibu, na hapo Mhina alikuwa akicheka peke yake. Meno yalitoka kama yametoka kinywani mwa mtu! Nta hiyo ilikuwa ya kujaribia tu. Mgonjwa huivaa kidogo, akajitazama kwenye kioo, akikubali ndipo hutengenezwa meno magumu yenyewe.

Kalibu aliyoipenda kuliko zote aliichukua kwa muuguzi mmoja wa zahanati ile, dada aliyesifika kwa meno. Yalikuwa yamebanana hata uzi haupiti.

Basi akaja Bi Zamoyoni. Pikipiki ilikuwa imemwangusha, akapoteza meno manne ya juu, ya mbele kabisa. Kabla ya hapo hapakuwa na harusi mtaani iliyoanza bila kigelegele chake. Baada ya ajali alizungumza na watu huku ameziba mdomo kwa kanga, na kucheka akaacha kabisa. Sasa binti yake wa pekee, Mwantumu, alikuwa anaolewa Ijumaa.

“Sitaki makubwa, fundi,” alimwambia Mhina. “Nataka nicheke kwenye harusi ya mwanangu. Basi.”

Mhina alitamani kuanza siku hiyo hiyo. Alichukua chapa ya taya lake, akapata sanamu ya plasta, akamimina nta kwenye kalibu yake pendwa, akayapanga meno manne pale palipokuwa wazi. Hapo akaona kitu. Meno yaliingia vizuri, lakini katikati, baina ya yale mawili makubwa, palibaki nafasi. Mhina hakujiuliza nafasi ile inatoka wapi. Alisema moyoni kwamba meno ya dada yule ni membamba, akapasha kijisu chake moto, akadondosha nta tone kwa tone mpaka nafasi ikafa. Kisha akaita daktari aje aone, akaita na muuza kahawa.

Jumatano asubuhi Bi Zamoyoni akavalishwa ile nta. Daktari akasema, “Safi sana!” Mhina akampa kioo, mwenyewe akisimama kwa ncha za vidole kungoja furaha.

Bi Zamoyoni alijitazama. Akatazama tena. “Meno mazuri,” alisema. “Ya nani?”

“Yako, mama!”

“Yangu? Mwanya wangu uko wapi?”

Mhina akababaika. “Ile nafasi ya katikati? Nimeiziba, mama. Nilidhani...”

“Umeziba mwanya wangu!” Mama wa watu alirudisha kioo, machozi yakimlenga. “Baba yake Mwantumu alinipendea huo. Bibi yangu alikuwa nao, mama yangu alikuwa nao. Fundi, mimi nilikuja na mapengo manne, sikuja na matano. Mwanya si pengo! Pengo nimepewa na pikipiki, mwanya nimepewa na Mungu.” Akayatoa yale meno, akajifunga kanga mdomoni. “Nitakwenda harusini hivi hivi. Heri nikae kimya kuliko kucheka kwa mdomo wa mtu mwingine.”

Mhina aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Taya lenyewe lilikuwa limemwambia! Nafasi ile iliachwa na mwenye meno, na yeye akaifukia. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu.

“Mama, nisamehe. Nani mwingine ana mwanya huo kama ulivyokuwa wako?”

“Mwantumu. Tukicheka pamoja watu hawajui mama ni yupi.”

“Basi aje hapa sasa hivi, nichukue chapa yake!”

“Una wazimu? Mwali yuko ndani. Hatoki, wala mwanamume hamwoni mpaka Ijumaa.”

“Basi nakuja mimi, nisimwone.”

Ndivyo Mhina alivyofika nyumbani kwa Bi Zamoyoni na mkoba wake, akasimamishwa nje ya mlango na Bi Kidawa, somo aliyekuwa akimfunda bi harusi, mwanamke aliyewahi kumrudisha mlangoni baba mzazi wa mwali. Pazia likashushwa. Mhina akapitisha chini ya pazia unga wa kuchukulia chapa, ule unaoganda ukawa mpira, bakuli, maji, na kile kisahani kilichopinda kama taya.

“Koroga, somo! Koroga kwa nguvu, unaganda haraka!”

“Nimekoroga uji kabla hujazaliwa!”

“Uwe mzito! Jaza kwenye kisahani, bandika meno ya juu, usitikise!”

“Mwanangu, panua mdomo. Usicheke! Fundi, anacheka!”

“Asicheke, jamani!”

Nyumba nzima ilikuwa imekusanyika ukumbini, mashangazi na majirani, na kila aliyekatazwa kucheka alizidi. Mara ya kwanza chapa ilitoka imevurugika. Mara ya pili Bi Kidawa alimshika mwali kidevu, akamkazia macho, pakawa kimya mpaka unga ukaganda. Mkono wake ukatoka chini ya pazia na chapa iliyofunikwa kitambaa kibichi. Mhina akaipokea kwa mikono miwili, akaruka kwenye bodaboda.

Hakungoja hata kuvua kofia. Chapa ile ile ndiyo ilikuwa kalibu. Alimimina nta ya maziwa kwenye ncha, akamimina ya manjano nyuma, akangoja ipoe huku akijizuia kuigusa. Alipoivua, meno manne yalitoka yameshikana ufizini, na katikati umesimama mwanya, mwembamba juu, mpana kidogo chini. Akayaweka kwenye plasta ya mama mtu. Yakajaa pale pale, bila kubakiza wala kubana. Mhina alipiga kelele hata mgonjwa wa daktari akaruka kitini. Kisha akakwangua ncha kidogo tu, maana meno ya mama yametafuna miaka mingi kuliko ya binti.

Kesho yake Bi Zamoyoni alipewa kioo kile kile. Alipitisha ulimi pale katikati, mara moja, mara mbili, na kanga ikamdondoka begani.

Meno magumu yalikuwa tayari Ijumaa. Pazia lilipoinuliwa na mwali akatolewa, Bi Zamoyoni alipiga kigelegele kilichosikika barabara ya pili. Mwantumu akamtazama mama yake, akasahau kwamba bi harusi hainui macho, akacheka. Mama naye akacheka. Midomo miwili, mwanya mmoja! Mhina, aliyekuwa kwenye foleni ya pilau yangu, alilia bila kuficha.

Bi Tunu akapeta mchele wake mara moja. Kisha akaonyesha kwa kidevu uwazi ule mbele ya jukwaa.

“Na pale kesho mama wa bi harusi atacheza wapi, juu ya viti vyenu?”

Vijana walitazamana. Mmoja akacheka, mwingine akanyanyua kiti, na kimoja kimoja wakaviondoa vyote mpaka mbele ya jukwaa pakawa peupe tena.

“Eeh,” alisema Bi Tunu. “Mwanya si pengo.”