Kijani Chenye Njaa

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa kidau?
*Na wino ukajaa!*
Basi chovyeni masikio, nasimulia!

Hapo kale, katika mji uliosifika kwa vitabu, walikuwako wachora nakshi wawili. Mmoja Mwana Tumu, mjane aliyerithi kazi kwa mama yake. Wa pili Bwana Mselemu, maneno mengi, subira haba. Mnamjua, kila mtaa unaye!

Malkia wa mji huo akataka kumwoza binti yake. Akataka kitabu cha dua cha arusi.

"Kila mmoja achore ukurasa," akasema. "Tutazifungia kurasa kashani masika yote, kama ilivyo desturi. Rangi ikistahimili masika, inafaa ndoa. Atakayeshindwa atavunja kalamu zake."

Jamani! Mwana Tumu hakuwa na kazi nyingine duniani.

Akasaga nyekundu, saga, saga, saga! Nyeusi akaipata kwa masizi ya taa na gundi ya mgunga. Na kijani? Akaning'iniza vipande vya shaba mtungini juu ya siki, vikaota kutu. Loo, kijani cha kasuku!

Mselemu huyo, anachungulia dirishani. Mwana Tumu akamwona, akajifanya hakumwona. Akatia zafarani kwenye kijani, akaimba kwa sauti:

"Kijani, una njaa, kula zafarani, usile karatasi!"

Akaimba tena. Akaimba mara ya tatu, mpaka majirani wakaudhika.

"Anapika pilau huyu!" Mselemu akacheka. Akaenda kwake, akatengeneza kijani kilekile, zafarani hakutia. Ukurasa wake ukang'aa kuliko wa mwenzake. Mji mzima ukampigia vigelegele. Mwana Tumu naye akampigia. Nyinyi mngeweza?

Masika yakanyesha, weee! Kasha likafunguliwa. Ukurasa wa Mwana Tumu mzima, unameremeta. Mselemu akainua wake juu, puu! Majani yote aliyochora kwa kijani yakadondoka, karatasi imeliwa! Yakabaki matundu, na kwenye matundu bibi arusi akayaona macho ya Mselemu yamemtoka.

"Umenificha siri!" Mselemu akamfokea Mwana Tumu.

"Siri gani, kaka yangu? Si niliiimba mara tatu?"

Watu hoi kwa kicheko! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alivunja kalamu. Tangu siku hiyo ndiye anayemsagia Mwana Tumu rangi, na anasaga huku akiimba:

"Kijani, una njaa, kula zafarani!"

Ngano yangu imekauka. Ikiwa tamu, jipakeni. Ikiwa chungu, nirudishieni kidau changu!