Udongo wa Visigino vya Talaso

Weka hilo beseni chini, Midhina! Weka chini, nakwambia! Nani kakufundisha kuosha mizizi ya ubani? Na wewe mwenye ufagio, koma hapo hapo chini ya mti mama. Mnataka miche yote ya kikundi chetu ife kabla hatujaipanda? Kaeni chini nyote. Mimi Bokayo nimegema ubani tangu nikiwa na meno yote mdomoni, na leo nitawaambia kwa nini mti huu hauoshwi. Nikimaliza, atakayemwagia mzizi maji tutajuana.

Mungu alipotaka kila kiumbe kipate pa kukaa, miti ilipanga foleni. Mkuyu ukapewa kingo za mto, mgunga ukapewa bonde, na mkoma ukapewa chemchemi. Ubani ulichelewa kufika, ukakuta limebaki jabali tupu lisilotakiwa na mtu. Na nyuma ya ubani walikuwa wamesimama viumbe wadogo, wadogo mno hata malaika aliyekuwa akigawa hakuwaona. Alikunja mkeka wake akaondoka. Hao hawakupata kitu kabisa!

Ubani ukapanda juu ya jabali lake ukaanza kulia, maana chakula kilikuwa ndani ya jiwe na mizizi haikuweza kulivunja. Wale wadogo nao walijua kutafuna jiwe, ila hawakuwa na nyumba wala kitu kitamu cha kutia kinywani. Basi wakaelewana. Wadogo watafune jabali na kuupa mti chakula, na mti uwape nyumba mizizini pamoja na utamu unaopikwa na majani juani. Maelewano hayo yalifanyika chini ya ardhi bila shahidi, kwa hiyo binadamu hakujua lolote. Aliuona ubani ukistawi juu ya jiwe, akadhani ni ubishi wake tu.

Sasa sikilizeni tulivyoharibu. Zamani hizo, msichana akiolewa aliondoka na mche kutoka chini ya ubani wa mama yake, aupande kwa mumewe, apate wake wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Akifika mpakani mwa boma la mume alioshwa miguu, na mche wake ukaoshwa pia, mzizi mmoja mmoja, mpaka ukawa mweupe pee. Sisi hawa, ambao maji tunayafuata nusu siku na ngamia! Ilikuwa heshima kubwa. Watu walisema vumbi la kwao humfanya bibi arusi ageuke nyuma kila siku, kwa hiyo lisivuke hata chembe. Kisha zilihesabiwa siku arobaini. Mche usipotoa jani, basi ardhi imemkataa, na anarudishwa kwao. Miche michache iliyobahatika kupandwa karibu na ubani mwingine ilipona. Mingine ilikauka, na mabinti wa watu wakarudishwa wakilia.

Ndipo akaolewa Talaso. Mumewe aliitwa Galgalo, mtoto wa mwisho wa Mama Darmi, mwanamke msafi mno, ambaye hata majivu ya jikoni kwake yalipangwa. Wake wa wanawe wawili wakubwa walikuwa wamesharudishwa kwao, na huyu alikuwa wa tatu. Na Talaso alimpenda Galgalo, enyi, msicheke! Alimpenda hasa, na kijana naye alikuwa akimwachia sehemu yake ya maji ya kunywa aumwagilie mche.

Haikusaidia. Mama Darmi alikuwa ameuosha mche ule kwa mikono yake, kwa upendo wote, na siku ya kumi na mbili majani yote yakawa chini. Siku ya thelathini mama mkwe akaanza kushona tandiko la ngamia wa kumrudishia mkwewe. Hakuwa mkatili, msimwonee. Majirani walimwona akishona huku anafuta machozi, lakini mila zilikuwa mila, angefanyaje?

Kesho yake asubuhi Talaso alikuwa amekaa karibu na kile kijiti chake, anajichokoa mwiba kisiginoni. Mnavijua visigino vya wachunga mbuzi, vilivyopasuka mpaka sarafu inaweza kulala ndani. Mwiba ukatoka, na nyuma yake kikatoka kidonge cha udongo mweusi ambacho maji ya mama mkwe hayakukifikia. Akakinusa. Mama yangu wee! Harufu ya chini ya ubani wa kwao, ile harufu ya mvua ya kwanza, ikampiga usoni. Akashika mchanga wa pale bomani akaunusa pia. Haukunuka chochote, ukamvuja vidoleni.

Akauangalia ule mche akasema, "Kumbe na wewe umeletwa peke yako."

Akamwita Galgalo. Na Galgalo, mwanamume mzima, alipiga magoti akamshikia mkewe mguu mchana kweupe, yeye akikwangua mipasuko kwa mwiba, kisigino cha kulia, kisha cha kushoto. Walipomaliza walikuwa na udongo wa kufunika ukucha wa kidole gumba, basi. Wakafukua kidogo, wakaupaka mzizini, wakafukia wakiangalia huku na huko kama wezi.

Laiti tungesikia yaliyotokea huko chini! Wadogo walikuwa wamekaa na njaa ndani ya kisigino siku thelathini na moja, wamejikunyata, wakisubiri. Wakaugusa mzizi wakaujua. Ni huyu! Ni wa kwetu! Wakazaana, wakaitana, wakatandaza nyuzi zao nyeupe kila upande, wakaanza kutafuna changarawe usiku na mchana. Juu ya ardhi hakuna aliyeona kitu.

Siku ya arobaini ikafika. Ngamia amepigishwa magoti, mkeka wa Talaso umefungwa juu yake, Galgalo amegeuka upande, hawezi kutazama. Mama Darmi akaenda kung'oa kile kijiti, maana ndivyo ilivyokuwa desturi. Akavuta, hakikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, nacho kimeshika! Akapiga magoti akafukua, akakuta udongo umeshikana na mzizi, umejaa nyuzi nyeupe, unanukia mvua. Akainua macho taratibu, na pale kwenye ncha akaona jani, dogo kama punje ya mchele, kijani kibichi.

"Talaso! Umefanya nini?"

"Nisamehe, mama. Nimeuwekea udongo wa kwetu. Ulibaki kwenye visigino vyangu."

Mama Darmi aliitazama mikono yake, ile misafi, akaitazama sana. Kisha akasimama akawaita wanawe wawili wakubwa kwa sauti iliyosikika mpaka kisimani.

"Ngamia huyu asifunguliwe! Mfungueni huyu binti mkeka wake, halafu nyinyi mumpande ngamia. Kawaleteni wake zenu. Na waje na miguu yao ilivyo!"

Na tangu siku hiyo bibi arusi haoshwi miguu mpaka ameukanyagia mche wake kwa visigino vyote viwili. Tangu siku hiyo hatufagii chini ya ubani, na mche hauhami bila konzi ya udongo wa chini ya mama yake. Wadogo bado hatuwaoni, lakini ukigema mti ukatoa chozi zuri lenye harufu, ujue wako kazini.

Wale wake wawili? Mmoja alirudi kwa mumewe, akaja mbio, mguu mtupu. Wa pili alikuwa ameshaozwa kwa watu wengine, mbali, na akabaki huko akiamini kwamba kuna ardhi iliyomkataa. Mimi natoka katika ukoo wa huyo wa pili. Ndiyo maana nikiona beseni karibu na mzizi naona giza.

Haya, Midhina, mwanangu, futa uso. Hayo maji wape mbuzi. Njoo tuchote konzi hapa, huo mche wako bado mbichi, tutauwahi.