Panya na Shamba Lililoota Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, mna njaa? Haya, kaeni nayo hivyo hivyo, maana hadithi yenyewe ni ya njaa.

Hapo kale wanyama wakubwa walikuwa na shamba bondeni, na mkuu wao alikuwa Nyati. Wakaleta maji kwa mfereji, wakamwagilia asubuhi, wakamwagilia jioni, miaka nenda miaka rudi, wala hakuna aliyechimba mtaro wa kutoa maji. Maji yakakauka, chumvi ikabaki. Udongo ukawa mweupe pee!

"Shamba limekufa," Nyati akasema. "Wapeni wadogo."

Akapewa Panya, mjane mwenye watoto wanne. Akapanda mtama, ukafa. Yakabaki mashina matatu tu, membamba, lakini yana masuke. Panya akazitunza punje zake.

"Mama, tupikie hizo," mtoto wake akalia.

"Hizo ni mbegu, mwanangu."

Mtoto akafa. Panya akamzika, akapanda. Mtama mwingi ukafa, lakini robo ukasimama, kwa kuwa ulitokana na yale mashina matatu yaliyoizoea chumvi.

"Mama, tupikie."

"Hizo ni mbegu, mwanangu."

Akafa wa pili. Panya akazika, akapanda. Msimu wa tatu shamba zima likastawi, masuke yamejaa, na Panya badala ya kufurahi akakaa chini akalia.

Kumbe Nyati kapata habari! Huyo anakuja, tifu! tifu! tifu!

"We Panya! Shamba langu hili. Nimekuja kula."

Panya akawaza moyoni: Huyu akila, wanangu wamekufa bure.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Kula tu. Ila nakuonea huruma."

"Huruma ya nini?"

"Mtama umenyonya chumvi kidogo tu. Chumvi yenyewe imeganda kule mferejini. Sasa mkubwa mzima ale makombo?"

Nyati akameza mate. Nyati na chumvi, weee!

"Usiiguse! Yote yangu!"

"Yote yako, bwana."

Nyati akalamba, nyapu! nyapu! Panya akakata masuke, kwe! kwe! Huyu akalamba, huyu akakata. Siku ya tatu koo likamwaka moto Nyati. Akakimbilia mtoni, akanywa gubu! gubu! gubu! mpaka tumbo likawa ngoma, akaanguka matopeni, puu! Hakuinuka tena.

Panya akasaga, akasonga ugali, akatoka mlangoni kuita watoto waje kula. Akaita majina yote manne. Wakaja wawili.

Hadithi yangu imekomea hapo hapo, mwenye machozi ayafute.

Mnataka na funzo? Haya, lishikeni vizuri: enyi wadogo, acheni ujanja. Mkubwa akija shambani mpisheni ale, maana wakubwa ndio wanaojua kilimo.