Laini Isiyofika kwa Mama

Wapendwa, leo sina habari ya mkulima wala ya mvuvi. Nina habari ya mtu mwenye simu nzuri, kama hizo mlizozilaza mapajani mkidhani mchungaji akishapanda huku juu haoni. Mzee Shemweta, usicheke. Na yako naiona.

Alikuwepo kaka mmoja, mfanyabiashara wa mjini, aliyemsindikiza dada yake India kufanyiwa upasuaji wa moyo. Mama yao, mjane, alibaki kijijini, huko juu milimani. Simu ya mama yule ilikuwa kitochi, ile ndogo ya vitufe. Siku ya kuagana dada alimshika mikono akamwambia, "Mama, asubuhi ya kufanyiwa upasuaji nitakupigia. Nataka uniombee nikiwa nasikia sauti yako, ndipo niingie." Mama akajibu, "Nitakaa na simu mkononi, mwanangu." Ni hilo tu. Katika safari yote ile dada hakuomba kitu kingine.

Walipotua huko ugenini, na simu yao ikiwa moja tu, ya kaka, yeye akaenda kwenye duka la laini pale uwanja wa ndege. Muuzaji akamweleza vizuri kabisa. Kuna laini ya intaneti pamoja na dakika za kupiga nyumbani. Kuna ya intaneti tupu, ambayo unapewa intaneti nyingi zaidi, lakini simu ya kawaida haipigi. Au anaweza kuendelea kutumia laini yake ya nyumbani, ila huko nje ni ghali.

"Kuna mtu nyumbani ambaye hayuko kwenye intaneti?" muuzaji akamuuliza.

"Hakuna," kaka akasema. "Nipe ya intaneti tupu. Siku hizi watu wote wako mtandaoni."

Watu wote! Mmemsikia? Mama aliyembeba tumboni, kisha mgongoni, hakuingia kwenye hesabu ya watu. Nanyi msiniambie alimsahau. Mngemuuliza siku ile kama anampenda mama yake, angewajibu ndiyo, na machozi yangemlenga. Ila alipofikiria watu, mama hakumjia akilini. Hilo linaniudhi, wapendwa, na siwezi kulisema kwa upole.

Akatoa laini ya nyumbani, akaitia kwenye pochi, akaweka mpya. Kabla hawajapewa hata kitanda, picha zilikuwa zimeshasambaa. Dada kwenye kiti cha magurudumu. Dada na dripu. Dada amelala mdomo wazi, wala hakuulizwa kama anataka kuonekana hivyo. Chini yake kaka ameandika, "Tuombeeni." Na watu wakaomba kweli, kwa ile mikono miwili ya njano ya kubonyeza. Unabonyeza mikono, umeshaomba, unaendelea na chapati yako.

Kule kijijini mama alikuwa wapi? Nyumba yake iko bondeni kidogo, mtandao unashika nyuma ya banda la ng'ombe tu. Basi mama akahamia nyuma ya banda. Akapeleka kigoda chake pale, akachambulia maharage pale, akanywea uji pale. Shamba la mbali akaacha kwenda, asije akapigiwa asiwepo. Chaji ikikaribia kuisha anashuka dukani, anachaji, anarudi mbio na magoti yake yale mabovu.

Ikafika asubuhi ya upasuaji. Dada ameshavalishwa lile gauni la hospitali, anasubiri kuchukuliwa.

"Kaka, nipigie mama."

"Mama hana intaneti, na laini hii haipigi simu ya kawaida. Lakini hebu tazama hapa, uone watu wanavyokuombea! Mpaka walioko Marekani!"

"Sitaki wa Marekani. Namtaka mama. Duka la laini liko pale getini, jana tulilipita. Au rudisha ile ya nyumbani, kaka yangu, hata iwe ghali."

"Ukitoka tu, nanunua. Sasa hivi watu wanauliza hali yako, nikinyamaza watanionaje?"

Dada akageuza uso ukutani. Manesi wakaja wakamchukua. Hakutoka mle ndani akiwa hai.

Mnaguna. Mnadhani nimefika kwenye ubaya wenyewe? Bado. Kaka alilia, simnyimi machozi yake, alilia kama mtu yeyote angelia. Halafu mkono ukashika simu. Akatafuta picha ya mshumaa, akaandika, "Pumzika, dada yangu." Habari ikaruka. Ndugu wa mjini wakajua. Walimu waliofundisha naye wakajua. Kwaya ikajua, na wale wote aliosoma nao. Kila mmoja akabonyeza uso wa kulia, na kila mmoja akadhani mwenzake ameshamwambia mama.

Sisi tuna utaratibu wetu, jamani. Mzazi haambiwi msiba wa mtoto wake ovyo. Wanachaguliwa watu wazima, wanakwenda, wanakaribishwa, wanaomba maji ya kunywa, wanakaa naye karibu, mmoja anamshika mkono, ndipo mwingine anasema. Nani aliyetumwa kwa mama yule? Hakuna. Kazi ya kila mtu haikuwa ya mtu.

Kesho yake lori likapanda mlima na turubai, viti vya plastiki na masufuria makubwa. Mama yuko nyuma ya banda lake na ungo wa maharage. Akasikia muungurumo, akatokea mbele, akaona lori linakata kona kuingia uwanjani kwake. Akajifunga khanga vizuri, akawapokea na tabasamu.

"Karibuni, wanangu. Msiba uko kwa nani? Mmepotea njia nini? Ngojeni niingize maharage haya ndani twende wote, niwasaidie kupika."

Wanaume wazima wamesimama na vigingi vya turubai mikononi. Mama akatazama uso huu, akatazama ule, tabasamu likaanza kumtoka. Na kitochi anacho mkononi, kimejaa chaji.

Wapendwa, nimekasirika. Nimeandaa mahubiri haya nikiwa na hasira, na nimeyaleta hivyo hivyo. Mtasema kaka yule ni mjinga. Si mjinga. Alipewa njia tatu, akachagua ile inayofika kwa watu wanaomsifu, akaiacha inayofika kwa mtu anayemngoja. Sisi tunachagua nini? Tukisema "tumewaambia watu wote," tunamaanisha akina nani? Mungu anapohesabu watu wake, mnadhani anaanza na wenye intaneti? Yule asiyejibu kwenye grupu, asiyebonyeza kitu, asiyeonekana jina lake likiwaka, huyo kwetu ni mtu au si mtu?

Msiitazame India. Ni mbali mno, mtajificha huko. Njooni hapa hapa. Jumatano iliyopita jumuiya yetu ya mtaa wa chini ilihamisha ibada kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Ujumbe ukarushwa kwenye grupu. Kiongozi akauliza, "Wote mmepata taarifa?" Mkajibu, "Wote." Mkakusanyika, mkaimba, mkanywa chai ya tangawizi, nikaambiwa ibada ilifana.

Mama mmoja wa jumuiya hiyo hiyo alikwenda kwenye nyumba ya zamani. Akakuta geti limefungwa. Akaketi kwenye jiwe akiwa na kitabu chake cha nyimbo, akangoja. Akaona afadhali aanzishe wimbo, huenda mmechelewa tu, mtamkuta anaimba. Akaimba peke yake wimbo mzima. Akaanza wa pili. Mpita njia ndiye aliyemwambia, "Mama, wenzako wako kule juu, nimewasikia."

Hakwenda kule juu. Alirudi nyumbani. Jana akanijia ofisini, akasimama mlangoni, akakataa kukaa, akaniuliza, "Mchungaji, nimewakosea nini wenzangu hata wakanitenga?"

Nilimwambia aje leo, atajibiwa na wenyewe. Amekuja. Amekaa benchi la nyuma, upande wa mlangoni, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Geukeni mumjibu.