Mbuzi Kinyozi

Kiangazi kilikausha malisho yote ya Korogwe, isipokuwa bustani ya Bwana Shekalaghe, tajiri aliyejivunia nyasi zake. Mbuzi wa jirani yake, Bi Siwazuri, alipopenya uani, tajiri alimkamata.

"Amekwangua kona nzima mpaka udongo! Namchinja leo."

"Mchinje, baba. Mbuzi mvivu!" alisema Bi Siwazuri. "Si wewe usemaye kwamba nyasi zikinyolewa kipara huota nene kama ndevu?"

"Nani asiyejua?"

"Basi kona hii itastawi, na kwingine kote zitabaki nyasi za kuhesabika. Aibu iliyoje!"

Shekalaghe alikuna kidevu. "Una mbuzi wengine?"

"Wapo, ila wana maringo."

"Wabembeleze, mama, waje!"

Mbuzi walishiba kiangazi kizima. Bwana Shekalaghe bado anazingoja ndevu.