Koti la Mashua

Wapendwa, palikuwa na karani wa kivuko aliyestaafu. Maisha yake yote aligongea mihuri safari za watu wengine. Alijua saa za kuondoka, saa za kurudi, na sababu zote halali za kutoondoka kabisa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka ziwa.

Mkewe kwao ni ng'ambo ya ghuba. Siku ya posa mama mkwe alisema mbele ya wazee, "Huyu ni mtu wa nchi kavu. Hataniletea mwanangu hata siku moja." Karani akajibu, "Nikistaafu, mama, nitamleta kwa tanga langu mwenyewe."

Jamani, ahadi iliyotolewa mbele ya mama mkwe haizeeki. Alipostaafu akaundiwa mashua ndogo ya mbao, ya kubeba watu watatu na kuku. Ikapakwa rangi ya kijani, ikang'aa. Na ilipong'aa tu, hofu ikamwingia. Mvua je? Jua je? Na wale korongo wa ufukweni, ambao hawana adabu hata kwa mali ya mstaafu?

Akaenda kwa fundi wa kushona makochi.

"Turubai la lori ni gumu," fundi akasema, "ila likilowa utalinyanyua na nani? Nailoni ni nyepesi, lakini jua la hapa litaila kabla ya Pasaka. Chukua hiki kitambaa cha hema. Tukikate kwa kipimo cha mashua yenyewe, nikuachie vitundu vya hewa ubavuni."

"Tundu ni tundu," karani akasema. "Mvua haisomi nia ya fundi."

"Na mlingoti utatokea wapi?"

"Tutaung'oa."

Fundi akaweka mkasi chini. "Mzee, tunaishonea mashua koti, au tunamshonea marehemu sanda?"

Koti likakaa kama ganda la yai. Watu walikuja kulitazama tu. Karani akatunga sheria: hakuna kulifungua bila ruhusa. Mtoa ruhusa, yeye. Mwombaji, yeye. Kila Jumamosi aliomba, akajihoji kwa ukali, akajinyima.

"Baba Mkami, leo upepo mzuri," mkewe angesema.

"Lile wingu hulioni?"

"Lile ni moshi. Jirani anachoma takataka."

Kiangazi chote kikapita hivyo, koti likipigwa na jua, ndani pakiwa tanuri. Kisha ukaja ujumbe kutoka ng'ambo: mama mkwe amepona maradhi yake, Jumapili anamshukuru Mungu. Tena alisema hivi: "Mwambieni karani nimemwekea kiti. Kikikaa kitupu sitashangaa."

Maneno hayo yalimchoma. Ijumaa, kabla hajapata nafasi ya kujihoji, akafungua kamba. Mashua ilikuwa mpya kama siku ya kwanza! Wakaisukuma majini, akapanda kwa fahari, mkewe akafuata na kuku. Maji yakaanza kuingia. Yaliingia mbele, yakaingia nyuma, yakaingia kila ubao ulipokutana na mwenzake.

"Lete koti!" karani akapiga kelele. "Ifunikwe!"

Mkewe akacheka hadi akakaa ndani ya maji, kitenge chote chapachapa. "Uifunike juu, na maji yanatoka chini? Umeikausha, mume wangu. Mbao zimesinyaa kwa kiu. Kwetu chombo kikiwa hivi hukizamisha kwanza, kinywe."

"Miezi yote hii, mbona hukuniambia?"

"Ofisi ilikuwa imefungwa."

Karani alimtazama. Kisha naye, suruali ikiwa imelowa hadi kiunoni, akaanza kucheka. Na akachukua ndoo, akaijaza maji mashua yake kwa mkono wake mwenyewe. Wakaiacha imezama kwenye maji mafupi. Jumapili alfajiri mbao zilikuwa zimevimba, zimekumbatiana. Wakayachota maji na kuyamwaga, wakasimika mlingoti, wakalikunja koti humo ndani, wakavuka.

Huko ng'ambo mvua ikanyesha katikati ya chakula. Karani akalikimbilia koti, akalitandaza juu ya nguzo nne, na wageni wote wakaingia chini yake. Halikuvuja hata tone. Yeye alibaki nje, ameshika kamba. Mama mkwe akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe karani hulowa!"

"Hulowa, mama. Mimi mwenyewe nimejua juzi."

Mnacheka. Nani hapa rimoti yake bado iko ndani ya nailoni? Usinyooshe mkono, mkeo anakuona. Vile vikombe vizuri kabatini vinamngoja mgeni gani? Lakini hayo ni madogo. Mioyo yetu Mungu aliiumba kwa ajili ya maji, nasi tumeishonea koti: tusisumbuliwe, tusiombwe, tusililiwe mlangoni. Halafu siku tunapohitajika tunashangaa kwamba tunavuja! Jirani mgonjwa, mgeni asiyetoa taarifa, wimbo unaotutoa machozi mbele za watu: hayo ndiyo maji tunayoyakimbia, na ndiyo yanayofumba nyufa zetu.

Koti tusilitupe. Tulivue, tumtandazie mwingine anayenyeshewa. Kuna mtu ng'ambo ametuwekea kiti, na hatashangaa kikikaa kitupu. Twende tumshangaze. Twende hivyo hivyo, tumelowa.