Msamaha wa Kodi na Fremu za Mzee Elinazi

Wapendwa, leo nataka msikilize habari za mzee mmoja aliyesamehewa kodi. Aliitwa Elinazi, na nyumba yake ilitazama barabara ya stendi, kwenye mji mdogo ambao mafundi wake wengi walifanyia kazi juani. Halmashauri ikaona huruma, ikatangaza: mwenye nyumba kando ya barabara ile akikubali kujenga fremu za biashara, vyumba vya kuwapangisha mafundi hao, atasamehewa kodi ya jengo kwa miaka kadhaa, ili hela hiyo iende kwenye matofali.

Mzee Elinazi alikuwa wa kwanza kukubali. Alipopata msamaha alichinja jogoo. Kila aliyepita aliitwa barazani, asimuliwe wema wa halmashauri.

"Baba Ndeshi," mkewe akamwambia huku akicheka, "matofali yako wapi?"

"Mama Ndeshi, hebu niache nifurahi kwanza. Umewahi kuona kodi inasamehewa?"

Akafurahi masika, akafurahi kiangazi. Hela ya kodi ikageuka viti vipya vya sebuleni. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa na shukrani tu, tena nyingi.

Asubuhi moja afisa wa halmashauri akapiga hodi. Mzee akawaza: amekuja kuninyang'anya msamaha wangu! Lakini afisa alikuwa anatabasamu. Nyuma yake alisimama mama mmoja, jasho linamtiririka, cherehani kichwani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea mpangaji wako wa kwanza. Ni fundi, ametoka kijijini leo. Nilimwambia fremu zako zitakuwa tayari. Tumtue wapi?"

Mzee akageuka kutazama kiwanja chake. Nyasi tupu. Akamtua yule mama kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka cherehani sebuleni, akavitoa nje vile viti vipya, na jioni hiyohiyo akaviuza. Kesho yake msingi ukaanza kuchimbwa. Yule mama alishonea sebuleni mpaka fremu ya kwanza ilipoezekwa.

Ndugu zangu, na sisi tumesamehewa, tena deni kubwa kuliko la jengo. Tunaimba, tunapiga makofi, tunarudi kwenye viti vyetu. Ni vizuri. Lakini kwani tulisamehewa ili tupumzike? Kuna mtu ambaye Mungu amekwisha kumwambia kwamba kwako ana nafasi. Yuko njiani sasa hivi, mzigo kichwani. Akipiga hodi leo, utamtua wapi?